Alexander Donaldson na Madai ya Milele

Neno mwizi ni jepesi kulitamka na zito kulifuta. Alexander Donaldson, mwuza vitabu wa Edinburgh aliyezaliwa mwaka 1727 na kufariki mwaka 1794, aliitwa mwizi na wauza vitabu wa London kwa muda wa miaka zaidi ya kumi, na ijapokuwa sheria ilimtakasa, jina lile halikumtoka. Katika habari za fasihi ya Kiingereza hutajwa kwa nusu sentensi, kama mtu aliyejitajirisha kwa kupiga chapa kazi za wengine. Hukumu hiyo ni ya haraka, tena si ya haki. Mambo aliyoyatenda yakipimwa kwa mizani iliyo sawa, itaonekana ya kuwa kasoro ilikuwa katika madai ya waliomshtaki, na ya kuwa kila mwanafunzi anunuaye kitabu cha mshairi wa kale kwa bei ndogo ana deni kwake.

Ili shauri lieleweke, yafaa kwanza sheria ifahamike. Mwaka 1710, miaka mitatu baada ya Uskoti na Uingereza kuunganishwa chini ya bunge moja, ilianza kutumika sheria ijulikanayo kwa jina la Malkia Anne. Kitabu kipya kilipewa ulinzi wa miaka 14, na mwandishi akiwa hai muda huo ukwishapo, aliongezewa miaka 14 mingine. Vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa kabla ya sheria hiyo vilipewa miaka 21 tu. Hesabu yake haihitaji mwanachuoni: ulinzi wa vitabu vya zamani ulikwisha mwaka 1731. Tangu mwaka huo Shakespeare, Milton na wengine wa kale walipaswa kuwa huru, apendaye awapige chapa, na awezaye awanunue.

Wauza vitabu wakubwa wa London hawakuikubali hesabu hiyo. Walidai ya kuwa chini ya sheria ya bunge ilikuwako haki nyingine iliyo kongwe zaidi, haki ya desturi ya nchi, isiyo na mwisho, ambayo mtu huirithi na kuiuza kama anavyorithi na kuuza shamba. Juu ya dai hilo walijenga biashara nzima. Haki ya kupiga chapa kitabu kimoja iligawanywa mafungu, nusu, robo, hata sehemu moja katika kumi na sita, na mafungu hayo yalinadiwa katika minada ambayo mgeni hakuruhusiwa kuingia. Aliyekuwa ndani alinunua. Aliyekuwa nje alilipa bei aliyotajiwa. Mwaka 1759 walichanga fedha wakawapelekea barua wauza vitabu wa mikoani, wakiwaonya wasiuze vitabu vilivyopigwa chapa Uskoti, la sivyo watashtakiwa. Wafanya biashara wadogo, ambao hawakuwa na fedha za kuajiri mawakili, walifunga vinywa vyao.

Watu wenye hakika ya haki yao huenda kortini kwa mlango wa mbele. Hawa wa London walijaribu mlango wa nyuma. Katika kesi ya Tonson na Collins, iliyosikilizwa miaka ya 1760 mpaka 1762, mshtaki na mshtakiwa walikuwa wamepatana kwa siri, ili ipatikane hukumu ya kuwatisha wengine. Majaji walipong'amua hila hiyo walikataa kuendelea na kesi. Msomaji na ajiulize mwenyewe: haki iliyo dhahiri kama umiliki wa shamba ingehitaji mshtakiwa wa kukodi?

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Donaldson. Katika miaka ya 1750 alishirikiana na Alexander Kincaid, mwuza vitabu wa Edinburgh ambaye alikuwa miongoni mwa walioshtakiwa na Andrew Millar wa London katika kesi iliyokokotwa tangu mwaka 1743 mpaka 1751. Kwa hiyo Donaldson aliujua ugomvi huu tangu ujana wake. Shirika lilipokwisha aliendelea peke yake, akawa na mitambo yake mwenyewe, na wala hakuwa mtu wa kunakili tu. Mashairi ya vijana wa Uskoti aliyatoa katika mkusanyo uliotokea mwaka 1760 na tena mwaka 1762, na miongoni mwa vijana hao alikuwamo James Boswell. Mwaka 1764 alianzisha gazeti la Edinburgh Advertiser. Lakini jambo lililomtia katika historia alilifanya mwaka 1763: alifungua duka London, katikati ya wapinzani wake, akauza humo vitabu ambavyo muda wake wa sheria ulikuwa umekwisha, kwa bei iliyo chini ya bei ya mji kwa asilimia 30 mpaka 50.

Jambo hilo latosha kumtenga na wezi. Mwizi hujificha. Donaldson aliandika jina lake mlangoni, na mwaka uliofuata akatoa kijitabu cha kueleza hoja zake juu ya mali ya maandishi, na humo akazifichua barua za vitisho za wapinzani wake. Alikuwa akisema waziwazi: sheria ni hii, vitabu ni hivi, mwenye dai na aje. Wakaja, kesi juu ya kesi, naye akazijibu.

Samuel Johnson, mtunga kamusi, alikasirishwa sana na duka lile. Boswell ameandika ya kuwa mwaka 1763, katika mazungumzo ya jioni moja, rafiki yao George Dempster alimtetea Donaldson kwa kusema ya kuwa kupunguza kwake bei kunawawezesha wanafunzi maskini kununua vitabu. Johnson akajibu ya kuwa hata ikiwa ndivyo, mtu huyu hapiti Robin Hood, yule mnyang'anyi wa hadithi aliyewapora matajiri akawapa maskini. Jibu lile lilichekesha, na kwa kuwa lilichekesha limedumu. Lakini kichekesho si hoja. Robin Hood alichukua kilichokuwa mali ya mtu. Swali lililobishaniwa ni hilo hasa: je, baada ya muda wa sheria kwisha, kitabu ni mali ya nani? Johnson alilichukua jibu akalitanguliza mbele ya swali. Tena yeye mwenyewe hakuiunga mkono haki isiyo na mwisho. Alitaka muda wa sheria urefushwe tu. Basi kama muda una mwisho, aliyepiga chapa baada ya mwisho huo hakumpora mtu.

Ushindi wa kwanza ulikuwa wa London. Mwaka 1769, katika kesi ya Millar na Taylor, majaji watatu wa korti ya King's Bench, wakiongozwa na Lord Mansfield, waliamua ya kuwa haki ya desturi ipo na ya kuwa haina mwisho. Jaji mmoja tu, Joseph Yates, alipinga. Kitabu kilichogombewa kilikuwa The Seasons, mashairi ya James Thomson juu ya majira ya mwaka, yaliyotoka baina ya mwaka 1726 na 1730. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Thomson alikuwa Mskoti, na Millar, aliyedai kumiliki mashairi yake, alikuwa Mskoti, na Mansfield mwenyewe alizaliwa Uskoti. Wale wapendao kuyageuza mambo haya yawe ugomvi wa makabila mawili wamekosea njia. Ugomvi ulikuwa baina ya wenye mafungu ya mnada na wale waliofungiwa nje.

Millar alikuwa amekufa mwaka 1768, kabla ya hukumu kutolewa. Haki zake zilinadiwa, na The Seasons ilinunuliwa kwa pauni 505 na kundi la wauza vitabu, akiwamo Thomas Becket. Donaldson alikuwa amekwisha kuipiga chapa mwaka 1768, nao wakapata amri ya korti ya kumzuia. Wakati huohuo Edinburgh kulikuwa na kesi nyingine. John Hinton wa London alimshtaki Donaldson na wenziwe kwa kuipiga chapa historia ya Biblia iliyoandikwa na Thomas Stackhouse, aliyefariki mwaka 1752. Boswell alikuwa mmoja wa mawakili wa Donaldson. Mwezi wa Julai mwaka 1773, Korti ya Session, mahakama kuu ya madai ya Uskoti, iliamua ya kuwa hapana haki ya milele; katika majaji wote waliopiga kura ni Lord Monboddo peke yake aliyekataa. Ikawa kisiwa kimoja kina hukumu mbili, na kitabu kilichokuwa halali Edinburgh kikawa haramu London.

Donaldson hakuridhika kubaki katika uhalali wa nusu nchi. Alipeleka rufani mbele ya Baraza la Malodi, na tarehe 22 Februari mwaka 1774 Baraza likaitangua ile amri ya kumzuia. Lord Camden ndiye aliyenena kwa ukali kupita wote, akionya ya kuwa haki ya milele ingeitia elimu yote ya nchi katika mikono ya wauza vitabu wachache, ambao wangeweka bei waitakayo na kuwafanya watu wote watumwa wao. Mansfield, mwenye hukumu iliyotanguliwa, alinyamaza. Walioshindwa walikimbilia bungeni kuomba sheria ya kuwaokoa. Mswada wao ulipita katika Baraza la Makabwela ukakataliwa na Malodi mwaka uleule.

Sasa na ipimwe hoja kubwa ya wapinzani wa Donaldson. Walisema ya kuwa wanamtetea mwandishi. Waswahili husema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na ni kweli, kitabu hakiundwi bila jasho, na mwenye jasho astahili malipo. Neno hili hapana mwenye akili alipingaye. Lakini ni nani aliyekuwa akilipwa kwa haki ile ya milele? John Milton aliiuza Paradise Lost mwaka 1667 kwa pauni 5 taslimu, na pauni 5 nyingine baada ya nakala 1,300 kuuzwa. Mwaka 1680 mjane wake aliyauza madai yote yaliyosalia kwa pauni 8. Baadaye haki ikaingia mikononi mwa jamaa ya Tonson, nao wakatajirika kwayo. Miaka ya 1739 na 1752, zaidi ya miaka 60 baada ya mshairi kuzikwa, walikuwa bado wakipata amri za korti za kuwazuia wengine wasiipige chapa. Baina ya miaka hiyo miwili, mwaka 1750, mjukuu wa Milton, Elizabeth Foster, alikuwa katika ufukara hata ikafanywa tamasha katika jumba la michezo la Drury Lane ili achangiwe. Johnson yuleyule aliandika dibaji ya tamasha hilo. Tonson alitoa pauni 20.

Pauni zile 20 zilikuwa sadaka. Ikiwa haki ya milele ilikuwa haki ya mwandishi na kizazi chake, mjukuu hakuhitaji sadaka; angedai chake. Ukweli ni kwamba jina la mwandishi lilikuwa kanzu, na aliyevaa kanzu hiyo alikuwa mfanya biashara. Mwandishi aliuza mara moja, akiwa na njaa. Mnunuzi na warithi wake walivuna vizazi na vizazi. Kuirefusha haki hiyo mpaka milele hakukumwongezea mwandishi hata senti moja.

Yaweza kujibiwa, na wako waliojibu, ya kuwa mnunuzi mwenye tumaini la faida ya milele humlipa mwandishi bei kubwa zaidi. Millar, husemwa, alimlipa Henry Fielding pauni 600 kwa Tom Jones mwaka 1749, na Johnson mwenyewe alimsifu Millar kwa kuipandisha bei ya maandishi. Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini yapimika kwa mambo yaliyofuata. Kama bei ya mwandishi ilitegemea umilele, basi baada ya mwaka 1774 waandishi wangekufa njaa. Hawakufa. Mwaka 1776, miaka miwili tu baada ya hukumu, Edward Gibbon alitoa buku la kwanza la historia yake ya Dola ya Rumi, na mapatano yake na wachapishaji wa London yalimpa thuluthi mbili za faida. Mwaka huohuo wachapishaji walewale walitoa kitabu cha Adam Smith juu ya utajiri wa mataifa. Mchapishaji humlipa mwandishi kwa kadiri ya faida aionayo katika miaka ya kwanza. Ya miaka mia baadaye hayaoni wala hayalipii.

Na liko jambo jingine lenye kicheko ndani yake. Mwaka 1777 John Bell, mwuza vitabu wa London, alianza kutoa mfululizo wa washairi wa Kiingereza katika vitabu vidogo vya bei nafuu, vilivyopigwa chapa Edinburgh, hata vikafika 109. Kazi hiyo isingewezekana bila hukumu ya Donaldson. Wauza vitabu wakubwa, kwa kuogopa kupitwa, waliungana kutoa mfululizo wao ulio bora zaidi, wakamwendea Johnson awaandikie dibaji za maisha ya washairi. Yeye akaomba gini 200. Dibaji hizo, zilizotoka baina ya mwaka 1779 na 1781, ndizo kazi yake ambayo wengi huihesabu kuwa bora katika uzee wake. Mtu aliyemwita Donaldson mnyang'anyi alipata kazi yake kubwa ya mwisho kutokana na ushindani ulioletwa na ushindi wa mnyang'anyi yule. Mlango ulipofunguliwa, waliokuwa ndani walilazimika kutengeneza kitu kizuri. Ulipokuwa umefungwa walitosheka kutoza.

Haya yote hayamfanyi Donaldson kuwa walii. Alikuwa mfanya biashara, aliipenda faida, na alikufa tajiri. Mwanawe James, aliyefariki mwaka 1830, aliacha mali iliyojenga kule Edinburgh hospitali ya kulea na kusomesha watoto maskini, iliyofunguliwa mwaka 1850 na kujulikana kwa elimu ya watoto viziwi. Wapinzani wake hupenda kusema ya kuwa alitafuta fedha, si haki. Labda. Lakini nia ya mtu ni jambo moja na ukweli wa hoja yake ni jingine. Tonson na Becket nao walitafuta fedha. Tofauti ni kwamba mmoja alitafuta faida yake kwa kuwauzia watu wengi kwa bei ndogo, na wengine kwa kuwauzia wachache kwa bei kubwa. Jamii haina haja ya kuuchungua moyo wa mwuza vitabu ili ijue ni ipi kati ya njia hizo inayoifaa.

Wanavyuo nao hawana budi kusikia neno lao. Mwaka 1775, mwaka mmoja baada ya umilele kukataliwa, bunge lilitunga sheria iliyowapa Oxford, Cambridge, vyuo vikuu vinne vya Uskoti na shule za Eton, Westminster na Winchester haki ya milele juu ya vitabu walivyopewa na waandishi kwa ajili ya elimu. Yaani haki iliyoonekana kuwa hatari mikononi mwa wauza vitabu ilionekana kuwa njema mikononi mwa walimu. Upendeleo huo haukuondolewa mpaka sheria ya mwaka 1988, na hata hiyo iliuachia uishi mpaka mwisho wa mwaka 2039. Wasomi wapendao kuwalaumu wafanya biashara kwa uchoyo na waanze kwa kuusoma ukurasa huu wa historia yao wenyewe.

Na umilele wenyewe, je, ulikufa kweli? Sheria ya mwaka 1710 ilitoa miaka 28 kwa wingi wake. Ya mwaka 1814 ilitoa miaka 28 au maisha ya mwandishi. Ya mwaka 1842 ilitoa miaka 42, au maisha ya mwandishi na miaka 7 juu yake. Ya mwaka 1911 ilitoa maisha na miaka 50. Tangu kanuni za mwaka 1995, Uingereza hutoa maisha na miaka 70. Marekani iliongeza miaka 20 kwa mara moja mwaka 1998. Mandishi ya kijana wa miaka 25 atakayeishi hata 85 yatafungwa kwa miaka 130. Waliodai milele mwaka 1774 walifukuzwa mlangoni. Warithi wao wameingia dirishani, wakiwa wameubeba umilele vipande vipande, na kila kipande kimeletwa kwa jina lilelile la mwandishi.

Shauri hili si la Waingereza na Waskoti peke yao. Sheria ya mwaka 1911 ilivuka bahari ikafika Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Kiingereza, na mwaka 1966 Kenya na Tanzania kila moja ilijitungia sheria yake. Mwandishi wa Kiswahili atakaye kula kwa kalamu yake, na mwanafunzi asiyeweza kufikia bei ya kitabu, wote wawili wamo ndani ya mapatano yaliyopiganiwa na Donaldson: mwandishi alindwe kwa muda, kisha kitabu kiwe cha watu. Atakayeiba kitabu cha mwandishi aliye hai hawezi kujificha nyuma ya jina la Donaldson, kwa maana hoja yake ilisimama juu ya muda uliokwisha. Wala atakayeongeza muda bila mwisho hawezi kujiita mlinzi wa waandishi, mpaka aonyeshe ni mwandishi yupi, aliye kaburini miaka 70, ayapokeaye malipo hayo.

Kwa hiyo jina la mwizi na lifutwe. Aliyeuza hadharani kile ambacho sheria ilikiacha huru, akavumilia mashtaka kwa miaka mingi, na akaifikisha kesi mbele ya baraza lililo juu ya mabaraza yote ya nchi ili haki ijulikane kwa wote, hakuiba. Alilazimisha watu wazima waliotia sahihi mapatano wayatimize. Hukumu ya mwaka 1774 ingali ikisomwa katika vyuo vya sheria; ingefaa isomwe pia na watungao sheria, kabla hawajaongeza miaka mingine.